Vijana kama watafiti wenza shuleni: jinsi ya kuwalinda wao na wahojiwa wao

Mwanafunzi wa S2 (kidato cha pili) anayepewa daftari na kinasa sauti ili awahoji wenzake juu ya utoro, lugha ya kufundishia au viboko, ana nafasi mbili kwa wakati mmoja. Yeye ni mtoto, kwa kuwa Katiba ya Uganda ya 1995 inamhesabu mtoto kuwa mtu aliye chini ya miaka 18, na sheria inataka alindwe. Siku hiyo hiyo yeye ni mtafiti, na yule anayehojiwa naye ana haki ya kulindwa dhidi ya makosa yake, maneno yake ya bwenini, na hata huruma yake isiyo na maarifa. Maombi mengi yanayopelekwa kwenye kamati za maadili, zinazoidhinisha utafiti, hueleza nafasi ya kwanza kwa kurasa kadhaa, kisha ile ya pili haitajwi kabisa. Madhara mengi huanzia hapo.

Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili ya walimu, wanafunzi wa uzamili na wafanyakazi wa mashirika wanaotaka kufanya kazi hii katika shule zenye wasemaji wa Kiswahili: makazi ya wakimbizi ya Nakivale, Kyaka II na Rwamwanja ambako Wakongo ni wengi, Bombo, au miji ya mpakani kama Busia na Malaba.

Kabla ya yote: vijana wataamua nini?

Chukua karatasi moja. Upande wa kushoto andika kazi zote za utafiti: kuchagua swali, kuchagua njia, kuamua nani ahojiwe, kukusanya, kuchambua, kuandika, kuwasilisha, kugawa fedha. Upande wa kulia andika nani ana neno la mwisho katika kila moja: vijana, watu wazima, au wote pamoja. Ikiwa vijana wanaonekana kwenye mstari wa kukusanya peke yake, hao ni wasaidizi wa kukusanya data. Si vibaya kuwa na wasaidizi, ila waite hivyo na usiwaahidi ushirika ambao haupo.

Mkataba wa Haki za Mtoto, ambao Uganda iliuridhia mwaka 1990, unasema katika kifungu cha 12 kwamba maoni ya mtoto yapewe uzito kulingana na umri na ukomavu wake. Laura Lundy wa Chuo Kikuu cha Queen's, Belfast, alikichambua kifungu hicho mwaka 2007 na kudai mambo manne: mtoto apewe nafasi, asaidiwe kusema, asikilizwe na mtu mwenye mamlaka, na alichosema kibadilishe kitu. Mawili ya mwisho ndiyo yanayokosekana katika utafiti wa shule. Basi kabla hujaandika pendekezo, tafuta mtu atakayesikiliza. Huenda ni afisa elimu wa wilaya, huenda ni mwenyekiti wa kamati ya shule. Mwombe akubali kwa maandishi kuketi na vijana kwa saa 1 mwishoni. Akikataa sasa, hatakuja baadaye, na ni afadhali vijana wajue hilo kabla hawajajitolea.

Vibali, na tatizo la swali ambalo halijachaguliwa

Njia ya vibali inajulikana. Pendekezo huanza kwenye kamati ya maadili ya utafiti iliyoidhinishwa, kwa mfano zile za vyuo vikuu vya Makerere, Mbarara au Gulu. Kutoka hapo huenda Baraza la Taifa la Sayansi na Teknolojia (UNCST) kupitia mfumo wa mtandaoni wa NRIMS. Kisha unajitambulisha wilayani, kwa RDC (mwakilishi wa rais wilayani), kwa CAO (mtendaji mkuu wa wilaya) na kwa afisa elimu, ndipo unafika kwa mwalimu mkuu. Katika makazi ya wakimbizi unahitaji pia kibali cha Ofisi ya Waziri Mkuu, kwa sababu ndiyo inayosimamia makazi hayo. Anza angalau miezi 6 kabla ya muhula unaoutaka.

Hapa kuna fundo ambalo watu wengi hulikuta wakiwa wamechelewa. Kamati inataka kuona maswali ya mahojiano kabla ya kuidhinisha, ilhali maswali yanapaswa kutungwa na vijana ambao huwezi kuwaita kabla ya idhini. Wengine hutatua hili kwa kujitungia maswali wenyewe, kisha wanawaongoza vijana taratibu hadi "wayagundue". Huo ni udanganyifu, na vijana huutambua upesi sana.

Njia ya haki ni kuomba kwa awamu mbili. Awamu ya kwanza inaombewa idhini ya kuwachagua vijana, kuwafundisha na kukaa nao kutunga swali na zana. Ndani yake eleza mipaka: mada pana ni ipi, mambo gani hayataulizwa kamwe, na mkondo wa kuripoti madhara ni upi. Maswali yakishatungwa, rudi kwa kamati na ombi la marekebisho ukiambatanisha zana pamoja na tafsiri zake. Tenga muhula mzima katikati kwa ajili ya kusubiri, na waeleze vijana mapema kwamba kutakuwa na kusubiri, la sivyo watadhani mradi umekufa.

Katika pendekezo waorodheshe watafiti wenza kwa majukumu, bila majina. Andika nani atakuwa nao kila kikao (watu wazima 2 daima, mmoja wao mwanamke), na kwamba kila mtu mzima ana cheti cha tabia njema cha polisi. Pia waandikie fomu zao, ambazo tutazieleza hapa chini.

Kuwachagua bila kumwachia mwalimu mkuu kazi hiyo

Ukimwomba mwalimu mkuu akupe vijana 8, atakupa viranja na wale wanaosema Kiingereza vizuri. Hana nia mbaya. Anataka shule ionekane vizuri. Lakini mwanafunzi anayechelewa kila siku hatamweleza kiranja kwa nini anachelewa, kwa sababu kiranja ndiye anayeandika majina ya wanaochelewa. Takwimu zako zitakuwa zimepinda kabla hujaanza, na yule mtoro atakuwa amewekwa mbele ya mtu mwenye uwezo wa kumwadhibu.

Idadi inayofaa ni 6 hadi 10. Chini ya hapo, mmoja akiacha kundi linayumba. Juu ya hapo, wawili au watatu huongea na wengine wanakaa kimya. Tangaza nafasi darasani kwa maneno yale yale kwa kila darasa, acha siku 7 za kufikiri, kisha waliotaka waandike majina kwenye karatasi na kuitia sandukuni. Gawa karatasi katika mafungu kabla ya kupiga kura ya bahati: wasichana na wavulana, wakimbizi na wenyeji, wa bweni na wa kutwa, na fungu la wenye ulemavu. Chomoa mbele ya wote. Waliokosa wapewe sababu iliyo wazi, yaani kura, ili wasirudi nyumbani wakidhani hawafai.

Usichukue P7 (darasa la saba la msingi), S4 wala S6, kwa kuwa mitihani ya taifa huanza Oktoba na Novemba, na kazi yako haina thamani ya mtihani wa mtoto. Kwa mahojiano ya ana kwa ana tunashauri kuanzia miaka 12. Wadogo zaidi wanaweza kuchora ramani ya shule, kupanga picha, au kukuonyesha njia wanayopita asubuhi, na hayo pia ni utafiti. Usitumie darasa kama kipimo cha umri. Katika shule za makazi utakuta mwenye miaka 17 yuko P5, hasa katika programu za masomo ya kasi kwa waliokosa shule.

Mtoto wa mwalimu wa shule hiyo akichomolewa, zungumza naye faraghani. Anaweza kushiriki kutunga maswali na kuchambua, lakini asihoji mtu. Mwambie sababu yenyewe, kwamba wenzake watahofu maneno kufika nyumbani kwao. Watoto hukubali sababu ya kweli kuliko kisingizio.

Ridhaa mbili, fomu mbili

Kijana anayekuwa mtafiti mwenza anakubali jambo tofauti kabisa na kijana anayehojiwa, kwa hiyo fomu zisifanane. Ya mtafiti mwenza ieleze saa atakazotumia, kazi, malipo, hatari (kuchukiwa na wenzake, kusikia mambo mazito, kuulizwa na walimu), wajibu wake wa kutunza siri, na kitakachotokea kwa data aliyokusanya akiacha. Hilo la mwisho huzua ugomvi lisipoandikwa. Pendekezo letu ni hili: mahojiano aliyoyafanya yanabaki, kwa kuwa yalitolewa na watu wengine waliokubali, lakini shajara yake na maoni yake mwenyewe yanaondolewa akitaka.

Miongozo ya UNCST inataka ridhaa ya mzazi au mlezi pamoja na kukubali kwa mtoto mwenyewe kuanzia umri wa miaka 8. Mtoto akikataa, sahihi ya mzazi haimlazimishi. Miongozo hiyo inawatambua pia walio chini ya miaka 18 ambao ni wajawazito, wana mtoto, wameoa au kuolewa, au wanajitegemea kwa riziki, kwamba wanaweza kujiridhia wenyewe. Tangu shule zilipofunguliwa tena kikamilifu Januari 2022, baada ya kufungwa Machi 2020, kina mama wadogo waliorudi darasani ni watafiti wenza wenye mengi ya kusema. Andika kwenye pendekezo kwamba utawatumia kwa msingi huo, usiamue shambani. Kwa watoto wanaoishi na walezi wasio ndugu, jambo la kawaida Nakivale, iombe kamati ikueleze kwa maandishi ni nani atakayesaini.

Mwalimu mkuu wa shule ya bweni hukusaidia sana, lakini sahihi yake haisimami mahali pa mzazi. Siku ya wazazi kutembelea ndiyo nafasi bora. Pata meza yako mbali na meza ya ada, na umweleze kila mzazi kwa lugha yake. Asiyesoma aweke dole gumba mbele ya shahidi asiye mfanyakazi wa mradi wala wa shule. Maneno yanaweza kuwa haya:

"Mama, karibu ukae. Mtoto wako ameomba kufanya kazi ya utafiti pamoja nasi. Atakuja Jumamosi asubuhi, atakula, na atarudi kabla ya saa 8 mchana. Ukikataa, hakuna kitakachobadilika kwenye masomo yake wala kwenye ada. Nenda ukaongee naye kwanza. Karatasi unaweza kuirudisha hata mwisho wa mwezi."

Mwalimu asigawe fomu na asizikusanye. Mwanafunzi ambaye kesho atasahihishiwa daftari na mwalimu huyo hana uwezo wa kusema hapana. Weka sanduku lenye kufuli, kila mwanafunzi atie karatasi yake ikiwa imekunjwa, iwe ina sahihi au haina. Kwa njia hiyo hakuna anayejua nani amekataa. Halafu ridhaa iulizwe upya kila kikao, kwa sentensi moja, na kila mmoja awe na kadi anayoweza kuigeuza mezani bila kueleza sababu. Kadi ikigeuzwa, swali linapita.

Wazazi wa wale watakaohojiwa wanahitaji fomu pia. Hili husahauliwa kwa kuwa mahojiano ya mtoto na mtoto huonekana kama mazungumzo ya kawaida. Mazungumzo ya kawaida hayarekodiwi.

Mafunzo

Vikao 5 vya saa 3 vinatosha kuanzia. Cha kwanza ni cha swali: nini kinawaudhi shuleni, na nini kati ya hayo kinaweza kuchunguzwa. Cha pili ni cha njia. Cha tatu na cha nne ni vya maadili, na visipunguzwe hata muda ukibana. Cha tano ni majaribio kati yao wenyewe na kutengeneza upya maswali.

Maadili hayafundishwi kwa kusomewa kanuni. Yafanyieni mazoezi ya kuigiza: mwenzako anasema "usimwambie mtu", mwalimu wa zamu anakuuliza darasa la S3 limesema nini, rafiki yako anataka kusikia sauti iliyorekodiwa, mhojiwa anaanza kulia, mhojiwa anakuomba umsaidie kulipiwa ada. Kila mmoja aigize mara mbili, mara moja kama mtafiti na mara moja kama mhojiwa. Yule ambaye bado anashindwa kujizuia kusimulia asiachwe nje. Apewe kazi ya kuchora, kupanga au kuchambua maandishi yasiyo na majina.

Jibu la mwalimu wa zamu lazima likaririwe, kwa sababu ni vigumu kwa kijana wa Uganda kumnyima mkubwa jibu na akabaki na adabu. "Samahani mwalimu, tumeweka ahadi ya kutosema. Tafadhali muulize kiongozi wa mradi." Mwalimu mkuu naye awasikie walimu wake wakielezwa, kwenye kikao cha walimu, kwamba jibu hilo si utovu wa nidhamu. Bila kikao hicho, unamtuma mtoto akachapwe.

Mwenzake akimwambia jambo zito

Hapa ndipo tunataka usome polepole. Utafiti wa elimu hauhitaji kuuliza juu ya unyanyasaji ili uusikie. Swali la "kwa nini wasichana huacha shule?" linatosha.

Hatua ya kwanza ni kupunguza uwezekano wa kijana kubebeshwa jambo hilo peke yake. Maswali yatungwe kwa nafsi ya tatu: "Wanafunzi wa hapa hukutana na nini njiani?" na si "Wewe umewahi kufanyiwa nini?" Mahojiano yafanywe mahali panapoonekana lakini pasiposikika, chini ya mti uwanjani kwa mfano, mtu mzima wa mradi akiwa mita 20 au 30 kutoka hapo. Wahoji wawe wawili, mmoja anauliza na mmoja anaandika.

Hatua ya pili ni ahadi iliyo sahihi tangu mwanzo. Mtafiti mwenza asiseme kamwe "hakuna atakayejua". Aseme hivi kabla ya swali la kwanza:

"Sitaandika jina lako, na sitasimulia unachoniambia. Kuna jambo moja tu: ukiniambia kwamba wewe au mtoto mwingine anaumizwa, nitamwambia kiongozi wetu ili asaidie, na nitakuambia kabla sijamwambia. Sawa?"

Kuahidi siri kamili ndilo kosa linaloleta madhara makubwa zaidi. Mtoto anasema, kijana anabanwa kati ya ahadi yake na hatari anayoijua, mara nyingi ananyamaza, na baadaye anajilaumu.

Hatua ya tatu ni sentensi ya kusimamisha, inayokaririwa na wote: "Asante kwa kuniamini. Hili ni kubwa kuliko sisi wawili. Tusiendelee na maswali. Twende kwa dada wa mradi." Mtafiti mwenza haulizi zaidi, haulizi ni nani wala lini, na hashauri. Kinasa sauti kinazimwa. Anamsindikiza mwenzake, anaondoka, na kazi yake inaishia hapo.

Kuanzia hapo ni kazi ya mtu mzima. Sheria ya Watoto, kama ilivyorekebishwa mwaka 2016, inawawekea walimu, wafanyakazi wa ustawi wa jamii, wahudumu wa afya na madiwani wajibu wa kuripoti mtoto anayedhuriwa. Sheria hiyo pia imepiga marufuku adhabu ya viboko shuleni. Wizara ya Elimu na Michezo ilitoa mwaka 2014 miongozo ya kuripoti, kufuatilia, kuelekeza kwenye huduma na kushughulikia ukatili dhidi ya watoto shuleni, ambayo kwa kawaida hupitia mwalimu mlezi wa wasichana au wa wavulana. Mtuhumiwa akiwa mwalimu, usipitie shuleni. Nenda kwa afisa wa ustawi wa jamii wa wilaya, kitengo cha polisi cha ulinzi wa mtoto na familia, au piga 116, laini ya Sauti, ambayo haina malipo. Kama ni ubakaji, mpeleke mtoto kituo cha afya kwanza: dawa za kuzuia VVU hufanya kazi zikianzwa ndani ya saa 72, na kadiri zinavyowahi ndivyo bora.

Namba hizi na majina ya ofisi ziandikwe kabla ya siku ya kwanza, na kila ofisi itembelewe. Kuna wilaya ambako afisa yupo kwenye karatasi tu au anakuja mara moja kwa wiki. Ukigundua hivyo, panga mkondo mwingine au ubadilishe mada. Kuuliza bila mahali pa kumpeleka mtoto ni kumwumiza mara ya pili.

Usimsahau yule aliyesikia. Zungumza naye siku hiyo hiyo, kabla hajalala. Mwambie alifanya sawasawa na kwamba jambo limepokelewa. Asielezwe kesi inavyoendelea, kwa sababu hiyo ni siri ya mwenzake. Muulize tena baada ya wiki 1 jinsi anavyolala na anavyosoma. Tukio pia liripotiwe kwa kamati ya maadili ndani ya muda uliotajwa kwenye barua ya idhini.

Siri baada ya kikao

Mtafiti mtu mzima hupanda gari na kuondoka. Mtafiti mwenza analala kitanda cha juu, na mhojiwa wake kitanda cha chini. Mwezi mmoja baadaye wanagombana kuhusu sabuni, na maneno ya mahojiano yanatoka.

Kwa hiyo kijana asihoji darasa lake wala bweni lake. Ikiwezekana shule mbili zibadilishane: watafiti wa shule A wahoji shule B. Gharama ya boda itaongezeka, lakini hatari inashuka sana, na wahojiwa husema zaidi. Katika makazi angalia pia kabila na mahali watu walipotoka. Familia zilizokimbia vita ile ile huenda zilikuwa pande tofauti. Waulize watoto wenyewe faraghani nani hawezi kukaa na nani, wala usidai sababu.

Daftari halina majina, lina namba tu. Orodha inayounganisha namba na majina anayo mtu mzima mmoja, kwenye faili lenye nywila. Vinasa sauti ni vya mradi, vinahesabiwa vikitoka na vikirudi kila kikao. Simu za vijana zisitumike kabisa, na pasiwe na kundi la WhatsApp la mradi lenye data au picha za wahojiwa. Sheria ya Ulinzi wa Data na Faragha ya 2019 inataka ridhaa ya mzazi kwa taarifa binafsi za mtoto, na picha ya uso ni taarifa.

Muda, chakula na fedha

Katiba, kifungu cha 34, inakataza kazi inayoingilia elimu ya mtoto. Chukulia kwamba inakuhusu. Usizidishe saa 4 kwa wiki wakati wa muhula, usitumie kipindi cha somo, na maliza mapema ili msichana anayechota maji na kupika asiadhibiwe nyumbani kwa sababu yako. Msimu wa kupanda na wa kuvuna, uliza familia kabla ya kupanga ratiba.

Nauli na chakula si malipo. Ni gharama, na zitolewe kila kikao bila kujali kazi imekwenda vipi. Juu yake toa shukrani ya kiasi kimoja kwa wote, iliyotajwa kwenye fomu na kukubaliwa na kamati. Iwe ndogo kiasi kwamba mzazi hatamlazimisha mtoto kubaki, na ya kutosha kiasi kwamba hakuna atakayesema watoto wametumiwa bure. Vifaa vya shule hufaa, lakini waulize vijana. Wengine watapenda fedha, na wana haki ya kusema hivyo. Ukiwa mwajiri wa wahoji watu wazima kwenye mradi huo huo, uwe na maelezo ya haki kuhusu tofauti ya viwango.

Usilipe kwa kila hojaji. Ukilipa hivyo utapata hojaji zilizojazwa chini ya mwembe na mtu mmoja, na aliyezijaza hatakuwa mkosaji peke yake.

Ukituma kwa simu ya mzazi, kijana aone kiasi kilichotumwa. Fedha taslimu itolewe mbele ya watu wawili na isainiwe na kijana.

Uchambuzi, majina na matokeo

Chapa vipande vya mahojiano visivyo na majina, vikate, viweke mezani, na vijana wavipange katika marundo na kuyapa majina. Saa 2 kwa vipande 40 ni mwendo mzuri. Mtu mzima aandike kila jina la rundo kama lilivyosemwa, asilitafsiri hapo hapo kwa lugha ya ripoti. Wakitofautiana na wewe juu ya maana ya jambo, ripoti ibebe maelezo yote mawili. Kabla ya kuvileta vipande, ondoa vile vinavyoweza kumtambulisha msemaji: katika shule yenye mwanafunzi mmoja asiyeona, maneno "mimi nisiyeona" ni jina.

Suala la kutajwa kwenye ripoti liamuliwe mwishoni, matokeo yakiwa wazi. Kijana anastahili sifa ya kazi yake, lakini ripoti ikisema shule inachapa watoto, jina lake litasomwa na wanaochapa. Mpe chaguo tatu: jina kamili, jina la kundi, au kutotajwa. Mzazi aulizwe pia. Kukiwa na hatari ya wazi, kundi lote litumie jina la kundi, kwa kuwa mmoja akijitaja wengine wanajulikana.

Matokeo yasomwe kwanza na vijana, halafu mwalimu mkuu faraghani, siku chache kabla ya mkutano wa wazi. Mwalimu mkuu anayeshtukizwa mbele ya wazazi hutafuta wa kumlaumu, na watoto ndio walio karibu. Mkutano ufanyike muhula ule ule, kwa lugha ya wazazi, na ahadi ya yule mkubwa uliyemwomba mwanzoni itimizwe hapo. Vijana waseme yale waliyochagua kuyasema, na mambo mazito yasemwe na mtu mzima kwa niaba yao.

Bajeti iwe na safari moja zaidi, ndani ya wiki 4 za mwanzo za muhula unaofuata. Safari hiyo ni ya kukaa na kila mtafiti mwenza peke yake na kumuuliza kama amefokewa, ametengwa, ameshushwa alama au ameondolewa bwenini kwa sababu ya kazi hii. Kama yapo, yaandike, mjulishe afisa elimu wa wilaya na kamati iliyokuidhinisha, na usifunge mradi kwenye NRIMS mpaka jambo hilo lipate jibu.